Duara la Langoni

Wataalamu wa mradi wa misitu walikuwa watu wa heshima zao, hilo Twaiba hakulikana hata baada ya yote kutokea. Walisalimia wakubwa kwa wadogo, walikula walichokaribishwa, na mvua ilipowanyeshea hawakunung'unika. Ila gari lao lilipenda lami. Asubuhi lilitoka kwenye nyumba waliyopanga Galu, likapita Diani, likashika barabara ya Msambweni, na jioni likarudi limejaa majani. Kila kichaka kilichoonekana kutoka barabarani kilichunguzwa, na mwaka uliofuata kikachunguzwa tena. Mbega wa Diani walijulikana mmoja mmoja, walikosa vitambulisho tu.

Upande wa Kinango gari hilo lilionekana kwa nadra. Huko jua ni kali, maji ni ya kutafutwa, na barabara ilikuwa mashimo matupu. Dakta Johnstone, mkuu wa mradi, kila mwaka alisema watakwenda mwakani. Hakuwa akidanganya. Kwa mtu anayelala Galu, Kinango huwa ni ya kesho.

Twaiba alifanya kazi katika ofisi ya mradi huo pale Ukunda, chumba kilichokuwa juu ya duka la misumari na saruji. Alikausha matawi katikati ya magazeti, akayashona kwenye karatasi ngumu, kisha akatia nukta ya kijani kwenye ramani kubwa ya wilaya iliyobandikwa ukutani. Ramani ile ilikuwa na sheria yake. Mti ulihesabiwa kuwa upo pale tu tawi lake, lenye ua au tunda, lilipofika ofisini, na nukta iliwekwa mahali tawi lilipokatwa. Mti ulioonwa kwa macho tu haukuwa mti. Kwa hiyo huko ufuoni nukta zilijazana kama upele, na kuelekea Kinango karatasi ilibaki nyeupe.

Ndani ya weupe ule ulikuwamo msitu wa mjomba wake.

Uliitwa Kaya Mbambakofi, msitu mtakatifu wa wahenga, nao ulikaa juu ya kilima cha mawe, mbali na njia ya magari. Zamani wazee waliishi humo, wakafa, wakazikwa humo humo, na chini ya makaburi yao ilitoka chemchemi ambayo hata mwaka wa njaa haikukauka. Mlinzi wa kaya alikuwa Chirau. Kwa watu wake kazi ile ilifuata upande wa kike, mjomba akamwachia mpwa, naye Chirau aliipokea kwa mjomba wake hali yu kijana wa kuoa. Ndiye pia aliyemlea Twaiba baada ya dada yake, Mwanapili, mama yake Twaiba, kufariki. Alimsomesha, akamwoza, na ndoa ilipovunjika akampokea bila kumuuliza swali. Twaiba hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwita mzazi.

Kaya ilikuwa na miiko mingi, lakini mmoja uliipita yote: kitu cha ndani hakitoki. Si tawi, si jani, si ukuni wa kuchemshia uji wa mgonjwa. Vilima vya jirani vilikwisha kuwa upara kwa shoka na makaa, na kaya ikabaki na miti yake kwa sababu ya mwiko ule na ukali wa Chirau.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba Johnstone alitimiza ahadi, mara moja. Twaiba alitangulia kuomba idhini, na Chirau akawapokea wageni vizuri, akawaambia wavue viatu, akawaingiza. Pale langoni ulisimama mti mfupi ambao maua yake, yenye rangi ya maziwa, yaliota juu ya gome lenyewe. Walipofika ndani kwenye chemchemi, waliikuta miti hiyo imesongamana pande zote, na hewa imejaa harufu yake. Johnstone alisimama, mikono ameifunga mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Huu sijapata kuuona mahali pengine popote," alimnong'oneza Concepta, msaidizi wake. Kisha akamgeukia mwenyeji. "Mzee Chirau, tunaomba tawi moja tu."

"Tazameni mpaka mtosheke, bwana daktari," alisema Chirau. "Macho hayachukui kitu. Lakini tawi halitoki. Mimi nimeapa."

Twaiba angeweza kumbembeleza. Hakumbembeleza, maana alijisikia fahari kuwa mpwa wa mtu asiyeyumba, na alitaka wageni waione fahari hiyo. Alimwambia Johnstone wasubiri wazee wa kaya wakae kikao, huenda wakatoa ruhusa. Lakini wazee hawakai kwa kengele kama watoto wa shule. Walikuwa bado wakitafutana pale zilipozuka vurugu za Likoni, wageni wakaogopa kutoka. Vurugu zilipotulia, ikaja mvua ya El Nino, ikachukua madaraja na barabara ya Kinango ikageuka mto. Gari la mradi likarudi kwenye lami yake.

Katikati ya mwaka uliofuata ukafika wakati wa kuandika mpango wa hifadhi. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi wa kueleza. Kila nukta ingezungushiwa duara la nusu kilomita, na kilichomo ndani ya duara kisiguswe. Kilicho nje kingegawiwa kwa matumizi mengine. Tayari kampuni ya mawe ilikuwa imeviomba vilima vya njia ya Kinango vilivyobaki vyeupe kwenye ramani, kwa kuwa barabara zilizobomolewa na mvua zilitaka kokoto, na hoteli za Galu nazo zilitaka kuta.

"Daktari, hapa tulifika," Twaiba alisema, kidole kikiwa juu ya weupe. "Uliona mwenyewe."

"Niliona. Nikifumba macho ninauona mpaka leo." Johnstone alivua miwani, akajifuta uso. "Lakini mpango hauandikwi kwa macho yangu. Nikiweka nukta ya kukumbuka, kesho kila mtu ataweka ya kwake. Niletee tawi kabla ya mkutano. Moja linatosha."

Alisema kweli, na hapo ndipo palipouma. Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu, wala hawaulizi kama alialikwa.

Twaiba alipanda kwenda kwa mjomba wake siku iliyofuata. Alimkuta uani akisuka kamba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mamangu. Za Ukunda?"

"Njema. Lakini sikuja kwa njema."

Akamweleza yote, taratibu, bila kupunguza neno. Chirau alisikiliza mpaka mwisho, kamba ikiwa imesimama mikononi.

"Kwa hivyo," alisema, "kwa kuwa nimeutunza, haupo."

"Kwenye karatasi yao haupo, mjomba."

"Na wale walioiacha misitu yao ikawa kichochoro cha watalii, yao ipo."

"Ipo."

Chirau akaguna. Twaiba alimwonea huruma kuliko alivyopata kumwonea mtu yeyote, kwa sababu aliuona uzee ukimwingia pale pale alipokaa. Hatimaye mzee akaomba kofia yake, akasema wanakwenda kwa Jefwa.

Mzee Jefwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa kaya. Wazee wenzake waliitwa, wakakaa uani kwake tangu adhuhuri mpaka jua likapoa, wakabishana kwa maneno ya chini. Hukumu iliyotoka ilikuwa nzito, na hakuna aliyeifurahia. Tawi moja litoke. Alikate Chirau mwenyewe, kwa kuwa kiapo ni chake. Na mkono uliokata kaya hauingii tena kaya. Tena aape kwa niaba ya ukoo wake wote, Twaiba akiwemo, kwamba baada ya hilo hapatakuwa na la pili.

"Nimekubali," alisema Chirau. Wazee wakainamisha vichwa.

Alfajiri walikwenda wawili tu. Mti wa langoni ulikuwa na maua. Twaiba alidhani mjomba wake angeupita na kuingia mpaka kwenye chemchemi, kwenye miti mingi, maana ile ilikuwa safari yake ya mwisho humo. Chirau alisimama pale pale langoni, upanga mkononi.

"Ndani waliko wazee sitapeleka chuma," alisema. "Unatosha huu wa nje. Mti ni ule ule."

Akakata tawi kwa pigo moja, akalipokea kabla halijagusa ardhi, akamkabidhi mpwa wake. Akasimama akitazama ndani, asikovuka, midomo ikicheza bila sauti. Twaiba alilifunga tawi kwenye magazeti huku machozi yakimtiririka. Hakuona kosa lolote katika jambo lile. Tawi ni tawi, na yule mzee, hata katika kuvunja kiapo, alitafuta mahali pa kukivunja kwa adabu.

"Ukifika kwa wakubwa wako," Chirau alimwambia, "waambie sikuingia ndani na chuma."

"Nitawaambia, mjomba."

Ofisini lilipokewa kama mtoto wa kwanza. Concepta alilitazama kwa kioo cha kukuzia mpaka macho yakamwuma, akatikisa kichwa, akamwita Johnstone, naye Johnstone akampa Twaiba mkono kwa mikono miwili. Mti ule haukuwa umeandikwa popote katika wilaya nzima. Kilichobaki ni kuuweka kwenye ramani, na ramani sasa ilikuwa ndani ya kompyuta, mikononi mwa Griffin, kijana aliyeletwa kutoka Nairobi kwa kazi hiyo.

"Ilikatwa wapi hii, madam?" aliuliza Griffin bila kuinua macho.

Twaiba alijinyoosha. Lilikuwa swali alilolingojea.

"Langoni," alisema. "Langoni kabisa, upande wa njia, jirani na mashamba ya mihogo. Ndani hakuguswa kitu. Mjomba wangu ni mtu wa kiapo, hakuingia na chuma." Na kwa kuwa aliona kijana haelewi uzito wa jambo lenyewe, akamchorea kwa kalamu: hapa njia, hapa mihogo, hapa lango, hapa mti. Griffin akashukuru, akapima, akaweka nukta palepale.

Mkutano ulifanyika katika hoteli moja ya Galu, kwenye ukumbi wenye ubaridi wa mashine, watu wamevaa makoti. Twaiba alikaa nyuma na rundo la nakala za ramani mapajani. Ramani ilipoangazwa ukutani, alilitafuta duara lake kwa hamu ya mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Akaliona. Lilikuwa la kijani, zuri, limeviringika barabara. Nusu yake ilikuwa juu ya mihogo na njia. Nusu ya pili iliingia kaya kidogo tu, ikachukua lango na miti ya mwanzo. Huko mbele, kwenye makaburi na chemchemi na ule umati wa miti ya maua ya maziwa, karatasi ilikuwa nyeupe kama siku zote.

Alinyoosha mkono.

"Samahani, mwenyekiti. Hapo ndani miti hiyo ni mingi zaidi. Huu wa langoni ni mmoja tu. Daktari mwenyewe aliiona."

Johnstone alisimama akasema ni kweli, aliiona. Mwenyekiti, bwana mpole mwenye mvi, aliuliza kama kuna tawi la huko ndani.

"Hakuna, lakini..."

"Basi tutalipokea awamu ijayo," alisema mwenyekiti kwa upole ule ule, akageukia Msambweni, ambako nukta zilikuwa nyingi na mjadala ulikuwa mtamu.

Wakati wa chai Concepta alimfuata veranda. Hakuwa na ubaya moyoni, alikuwa akikoroga sukari.

"Lakini Twaiba, kwa nini ulimwambia Griffin langoni? Ungesema tu Kaya Mbambakofi, ukanyamaza. Tukikosa mahali hasa, huwa anaweka nukta katikati ya msitu. Duara lingekula karibu kaya yote." Alionja chai. "Mimi nilidhani unajua, wewe si ndiye mwenye ramani."

Twaiba aliijua ramani ya ukutani, nukta za mkono wake mwenyewe. Hii ya kompyuta hakuna aliyemweleza. Alikuwa amesema ukweli, tena kwa kujivuna, tena kwa kuchora, kumlindia mzee wake heshima, na ukweli wenyewe ndio ulioifungia kaya nje ya duara. Alirudi kwa Griffin, akamwomba abadilishe. Kijana alimwonea huruma kweli, lakini mchoro wake ulikuwa umeshaambatanishwa, na wakubwa walikuwa wameshatia saini. Maji yakimwagika hayazoleki.

Alipanda tena kwa Mzee Jefwa kuomba tawi la pili. Jefwa alimsikiliza, akamuuliza kama kiapo cha mjomba wake kilikuwa cha mchezo. Twaiba akaaga. Akaenda peke yake mpaka langoni, akasimama. Hapakuwa na mlinzi tena, maana mlinzi alikuwa amekatazwa kukanyaga. Angeweza kuingia, akavunja tawi kwenye chemchemi, akatoka, asijue mtu ila Mungu. Lakini Chirau aliapa kwa jina lake yeye pia, na kwa kiapo hicho alikuwa ametoa kila alichonacho. Twaiba alikaa pale mpaka jua likamchoma kisogo, akainuka, akarudi Ukunda mikono mitupu.

Kampuni ilianza kazi mwaka wa tisini na tisa, barabara ilipotengenezwa vya kutosha kupitisha mitambo. Kwanza yalikuja matingatinga, kisha baruti. Hawakuvunja sheria yoyote. Mabango ya hifadhi yalisimikwa kulizunguka duara, mapya, ya bati, na madereva wa malori waliambiwa wasikate hata fimbo ndani yake, nao hawakukata. Walipita kando. Makaburi yalikwenda na mawe. Chemchemi iligeuka rangi ya chokaa, ikapungua, kisha wanawake wakaacha kuiendea. Kokoto zilishuka kupitia Kombani kwenda ufuoni, na wataalamu wa misitu, walipokwenda kazini asubuhi, walipita juu yake bila gari kurukaruka. Ningependa kusema kwamba mmoja wao alishuka akazitazama. Sijasikia.

Kijijini watu walitafuta maelezo, na maelezo yalikuwa karibu. Chirau alikata tawi, na mwaka haukupita vizuri mashine zikaja. Nani asiyeweza kujumlisha hayo? Ilisemwa kwamba aliingia mpaka ndani kabisa, akakata kwenye makaburi, akawaonyesha wageni njia ya chemchemi. Watu wakaacha kumwitikia salamu. Msikitini alikaa safu ya mwisho, na pembeni yake pakabaki wazi.

Akamwita Twaiba. Alimkuta amekonda, amekaa uani, na kila baruti ilipolia huko kilimani alifumba macho kidogo.

"Nina swali moja, mamangu. Wale wakubwa wako, uliwaambia nilikata langoni?"

"Niliwaambia, mjomba."

"Kwamba ndani sikuingia?"

"Niliwaambia hivyo hivyo."

"Wakaandika?"

"Waliandika. Wakachora na mahali penyewe."

Chirau alivuta pumzi ndefu, na uso wake ukalainika kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya upanga. "Mungu akulipe kheri. Nilijua hutaniangusha. Basi kesho twende kwa Jefwa, uyaseme hayo mbele ya wazee. Mimi hawanisadiki tena, lakini maneno ya ofisi watayasadiki."

Twaiba alifungua kinywa. Alitaka kumwambia kila kitu, kuhusu Griffin, kuhusu duara, kuhusu nukta ambayo ingekaa katikati kama angenyamaza tu. Akamtazama mzee yule aliyefurahi. Akasema, "Inshallah, mjomba."

Kesho yake uani kwa Jefwa walikuwapo wazee wote na watu wengine wengi waliokuja kusikiliza. Twaiba aliifungua nakala ya ramani mbele yao, akaweka kidole juu ya nukta, akayarudia maneno yale aliyomwambia Griffin, moja baada ya jingine: langoni kabisa, upande wa njia, jirani na mashamba ya mihogo, ndani hakuguswa kitu. Sauti yake haikutetemeka. Ramani ikapita mkono kwa mkono. Waliojua kusoma wakathibitisha, wasiojua wakalitazama duara na kutikisa vichwa.

Jefwa aliikunja ile karatasi kwa uangalifu. Alisema kwamba Chirau amedhulumiwa kwa maneno ya watu, na kwamba tawi la langoni si la ndani, basi hukumu imeondolewa, mkono wake ni safi, arudi kayani akatunze kama zamani. Baruti ikalia kilimani, vumbi likapanda juu ya miembe, wala hakuna aliyegeuka kutazama. Chirau alilia waziwazi. Aliushika mkono wa mpwa wake mbele ya wote, akamshukuru kwa kumtaja vizuri kwa wakubwa, naye Twaiba akaitikia kama inavyompasa mtoto kumwitikia mzazi.